Kalerwe: Baridi inayopanda kutoka sakafuni na moto unaoua kimyakimya

Mvua za usiku zinaporejea mjini Kampala, wakazi wa bonde la Kalerwe hukabiliana na maadui wawili ndani ya chumba kimoja. Wa kwanza ni baridi inayopanda kutoka kwenye sakafu iliyolowa. Wa pili ni hewa ya sumu itokayo kwenye sigiri ya mkaa, ambayo imeingizwa ndani ili kuifukuza baridi hiyo. Adui wa kwanza huumiza, wa pili huua. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini watu hulazimika kuchagua kati ya hao wawili, na ni nani mwenye uwezo wa kuwaondolea uchaguzi huo.

Baridi isiyo na theluji

Aliyezoea kusikia habari za majira ya baridi ya Ulaya au Amerika Kaskazini anaweza kushangaa tukizungumzia baridi ya Uganda, nchi inayopitiwa na Ikweta. Lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufikia nyuzi 27 au 28 za Selsiasi. Alfajiri hushuka hadi nyuzi 17, na baada ya mvua kubwa ya usiku huweza kushuka zaidi. Mvua nyingi hunyesha katika vipindi viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Julai, mwezi ambao pwani ya Waswahili iko katikati ya kipupwe, ni miongoni mwa miezi yenye ubaridi zaidi Kampala pia.

Nyuzi 17 si jambo la kutisha kwa mtu mwenye nyumba kavu na blanketi zito. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu nyumba na afya ambamo nyuzi 18 zilipendekezwa kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba, kwa nchi zenye hali ya hewa ya wastani au ya baridi. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya Ikweta. Lakini chumba kisicho na dari wala kuta nene, katika bonde lililojaa maji, huweza kuifikia alfajiri ambayo hata Mzungu wa kaskazini angeambiwa na madaktari wake kwamba haifai kulala ndani yake bila kupasha nyumba joto.

Familia nyingi za Kalerwe hupanga chumba kimoja, ambacho mjini Kampala huitwa muzigo. Paa ni mabati matupu, ukuta ni wa tofali moja, na sakafu ni saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya udongo ambao zamani ulikuwa kinamasi. Bati hupoteza joto upesi mara jua linapotua. Mvuke wa pumzi za watu wanne au watano waliolala humo ukikutana na bati hilo baridi, hugeuka matone na kudondoka juu ya shuka. Chini nako unyevu hupanda kupitia saruji hadi kwenye mkeka na godoro la sponji.

Hapo ndipo ilipo siri ya baridi ya Kalerwe. Blanketi halitengenezi joto. Kazi yake ni kulinda joto la mwili wa aliyelala, na hulilinda kwa kushika hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo maji yakichukua nafasi ya hewa katika blanketi au godoro, kitanda chenyewe hugeuka mnyonyaji wa joto. Mtu aliyelala juu ya godoro lenye unyevu kwa nyuzi 17 anaweza kutetemeka kuliko aliyelala pakavu kwa nyuzi 10. Baridi ya Kalerwe, kwa maneno mengine, ni tatizo la maji kabla ya kuwa tatizo la hewa.

Maji yanatoka wapi

Kalerwe iko katika Tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa jiji, mahali ambapo barabara ya Gayaza inakutana na barabara ya mzunguko ya kaskazini. Wengi huifahamu kwa soko lake kubwa la vyakula, ambako malori ya matoke, nyanya na kabichi huwasili usiku wa manane. Nyuma ya soko na mzunguko wa magari, ardhi huinama kuelekea mfereji wa Nsooba. Mfereji huo hupokea maji ya mvua kutoka miteremko ya Mulago, Kyebando na vilima jirani, huyapitisha Kalerwe na Bwaise, kisha huyakabidhi kwa mfereji mkuu wa Lubigi.

Tofauti na wengi wanavyodhani, maji haya hayaendi Ziwa Victoria. Lubigi huelekea kaskazini-magharibi, hujiunga na mto Mayanja, kisha Kafu, na mwishowe huufikia mto Nile. Zamani kinamasi cha Lubigi, pamoja na mafunjo yake, kilikuwa kama sponji kubwa iliyonyonya mafuriko na kuyaachia polepole. Leo sehemu kubwa ya sponji hiyo imefunikwa na nyumba, karakana na barabara. Katikati ya mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga katika baadhi ya maeneo ya kinamasi hicho. Hatua hiyo ilizua hasira na mjadala, kwa kuwa waliobomolewa nyumba walikuwa wengi wao maskini waliokuwa wamenunua viwanja wakiamini ni halali.

Haitakuwa haki kusema hakuna lililofanyika. Mradi wa kuboresha miundombinu ya Kampala, unaofahamika kwa kifupi chake cha KIIDP na uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, ulipanua mfereji wa Lubigi na kupunguza mafuriko katika baadhi ya sehemu za Bwaise. Lakini mfereji mkuu haumsaidii mtu ambaye mtaro mdogo ulio mlangoni pake umezibwa. Takataka za soko, chupa za plastiki na mifuko ya kaveera hukusanyika katika mitaro hiyo midogo, na mvua ya saa moja hutosha kuyarudisha maji ndani ya nyumba.

Uhusiano kati ya takataka na mvua ulionekana kwa namna ya kusikitisha tarehe 10 Agosti 2024, pale jaa kuu la taka la Kampala huko Kiteezi, upande huohuo wa kaskazini mwa jiji, lilipoporomoka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 30. Miezi michache baadaye, tarehe 26 Machi 2025, mvua kubwa ilifurika jijini na watu wasiopungua 7 walipoteza maisha. Vifo vya aina hiyo huandikwa magazetini. Kinachobaki baada ya maji kupungua, yaani magodoro yaliyolowa, kuta zinazotoa jasho na watoto wanaokohoa, hakiandikwi mara nyingi.

Wakazi wenyewe wamejifunza mbinu zao. Wengi wamejenga vizingiti vya saruji mlangoni, ambavyo mgeni lazima aviruke ili aingie. Vitanda huinuliwa kwa matofali, na vitu vya thamani huwekwa juu ya kabati. Mbinu hizi huzuia maji yasifike kitandani, lakini hazikaushi chumba. Na hapo ndipo mtu anapoikumbuka sigiri.

Kwa nini sigiri huingizwa ndani

Ni rahisi kwa aliye mbali kulaumu ujinga. Ukweli ni kwamba sigiri huingia chumbani kwa sababu zenye mantiki. Ya kwanza ni mvua yenyewe: wapangaji hupikia barazani, na baraza la mabati mafupi halizuii mvua ya upepo. Ya pili ni wizi, kwani sigiri na sufuria zikiachwa nje usiku huenda asubuhi zisionekane. Ya tatu ni uchumi. Mkaa ukishawashwa kwa ajili ya kuchemsha maharage au maji ya kunywa, joto linalobaki huonekana kuwa mali, na hakuna mama mwenye busara anayetupa mali. Ya nne ni baridi: mtoto anatetemeka, na moto upo.

Kuna pia imani iliyoenea kotekote Afrika Mashariki kwamba kinachodhuru ni moshi. Watu husubiri mkaa ushike vizuri, uwe mwekundu na usitoe moshi tena, kisha huuingiza ndani wakiamini hatari imekwisha. Wengine huufunika kwa majivu ili udumu hadi asubuhi. Imani hii ndiyo inayoua.

Mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho wala koo. Moshi ni dalili ya mkaa ambao haujashika. Kutokuwapo kwa moshi hakumaanishi kwamba gesi hii haipo. Mkaa mwekundu usio na moshi huendelea kuitoa kwa saa nyingi, na ule uliofunikwa majivu, unaowaka polepole kwa kukosa hewa, hauko salama hata kidogo.

Ndani ya mwili, kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu huendelea kuzunguka, moyo huendelea kupiga, lakini mzigo unaofikishwa kwenye ubongo ni sumu badala ya uhai. Aliye macho huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa miguu. Aliyelala hahisi chochote. Usingizi wake huzama tu. Wajawazito na watoto wachanga ndio walio katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hupokea sumu hiyo kupitia damu ya mama.

Baridi huongeza hatari kwa njia nyingine. Vyumba vingi vya Kampala vina matundu ya kupitishia hewa juu ya dirisha au mlango. Usiku wa baridi watu huyaziba kwa vitambaa, maboksi au magazeti. Hivyo, katika usiku uleule ambao sigiri imeingia ndani, njia pekee ya gesi kutokea nje imefungwa. Magazeti ya Uganda na Kenya yameripoti mara kwa mara familia nzima zilizokutwa zimekufa asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani na jiko likiwa katikati ya chumba. Mara nyingi majirani hudhani kwanza ni sumu ya chakula au uchawi.

Kitanda kikavu kabla ya moto

Ikiwa chanzo cha baridi ni unyevu, basi tiba ya kwanza ni ukavu. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, ingawa linahitaji uangalifu wa kila siku.

Joto hupotea zaidi kupitia upande wa chini kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uzito wa mwili huikandamiza sponji hadi ikose hewa ndani yake. Kuongeza blanketi la pili juu hakutasaidia sana ikiwa chini kuna godoro jembamba juu ya saruji. Ni afadhali blanketi moja kati ya hayo mawili litandikwe chini. Karatasi ya nailoni ikitandazwa sakafuni, kisha maboksi makavu, kisha mkeka, halafu godoro, unyevu unaopanda huzuiwa na hewa hunaswa. Maboksi hayo hupatikana kwa bei ndogo sokoni Kalerwe kwenyewe. Yakilowa hutupwa na kubadilishwa. Godoro nalo lisimamishwe ukutani kila asubuhi na litolewe nje kila jua linapowaka, hata kwa saa mbili.

Nguo zilizofuliwa zisianikwe ndani ya chumba cha kulala usiku, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye nguo hizo ndiyo yatakayodondoka kutoka kwenye bati. Nguo za kulalia ziwe kavu na tofauti na zile zilizovaliwa mchana kutwa, ambazo huwa na jasho. Soksi na kofia, vitu vinavyopatikana katika mitumba ya soko la Owino, huhifadhi joto kubwa kuliko bei yake.

Kuhusu moto, mali iliyomo katika sigiri inaweza kuchukuliwa bila kuichukua sigiri yenyewe. Wakazi wengi wa Kampala huchemsha maji ya kunywa kila jioni. Maji hayo yakiwa bado ya moto, lakini yasiwe yanachemka, yanaweza kutiwa katika chupa imara yenye kifuniko kinachokaza, ikafungwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa kitandani kwenye miguu dakika chache kabla ya kulala. Asubuhi maji yaleyale hutumika kunawia uso. Chupa isiguse ngozi ya mtoto, na kwa mtoto mchanga iondolewe kabla hajalazwa. Sigiri ibaki nje, na ikiwa inahofiwa kuibwa, mkaa uzimwe kabisa kwa maji au mchanga kabla chombo hakijaingizwa ndani. Majivu ya juu yasimdanganye mtu. Auguse mkaa kwa kijiti ahakikishe umekufa.

Matundu ya hewa nayo yaachwe wazi. Anayehofia upepo anaweza kukihamisha kitanda mbali na tundu, lakini asilizibe.

Mtetemeko unaohitaji daktari

Kuna aina mbili za kutetemeka ambazo hazitibiwi kwa blanketi. Ya kwanza ni ya mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Mtoto huyo hupoteza joto upesi mno, na mara nyingi hata hatetemeki. Hupoa, hulegea na kuacha kunyonya. Hospitali ya Kawempe, iliyo jirani na Kalerwe, ni miongoni mwa hospitali za Uganda zinazozalisha kina mama wengi zaidi, na wengi wao huruhusiwa kurudi katika vyumba tulivyovieleza.

Njia bora ya kumpasha joto mtoto wa namna hiyo ni mwili wa mama: mtoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Mbinu hii ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa vifaa vya kutunzia watoto njiti. Utafiti ulioratibiwa na WHO katika nchi 5, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mbinu hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa takriban robo. Baba au bibi anaweza kumpokea mama kifua kinapochoka. Hakuna sigiri inayoweza kushindana na kifua hicho.

Aina ya pili ni mtetemeko wa homa. Maji yaliyotuama Kalerwe huzalisha mbu, na malaria huanza mara nyingi kwa baridi kali inayomfanya mgonjwa aombe kila blanketi lililomo ndani. Anayetetemeka usiku ambao wenzake wa chumba kimoja hawahisi baridi apimwe malaria bila kuchelewa. Na ikiwa watu kadhaa katika chumba kimoja wanaamka pamoja na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje, hiyo inaelekea kuwa kaboni monoksidi. Watolewe nje mara moja, milango ifunguliwe, na wapelekwe hospitali wapewe oksijeni.

Umeme upo, lakini haufiki chumbani

Swali linalofuata ni la kisiasa. Kwa nini jiji lenye umeme linajipasha joto kwa makaa?

Uganda si maskini wa umeme. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024 na kuongeza uzalishaji uliokuwa tayari unazidi matumizi. Tarehe 1 Aprili 2025 shirika la serikali la UEDCL lilichukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme, ambayo mkataba wake wa miaka 20 ulikuwa umemalizika siku moja kabla. Mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, imeweka bei nafuu ya shilingi 250 kwa uniti 15 za kwanza za kila mwezi. Iliongeza pia bei maalumu ya kuhamasisha kupikia kwa umeme, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa shilingi 412 kwa kila uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150.

Tatizo ni kwamba unafuu huu hufuata mita, na mita haimfuati mpangaji. Katika ua mmoja wa Kalerwe vyumba 8 au 10 huweza kutumia mita moja ya Yaka. Uniti 15 za bei nafuu hutolewa mara moja kwa ua mzima, na zikigawanywa kila chumba hubaki na kidogo tu. Kwa kuwa hesabu ya nani ametumia kiasi gani haiwezekani, wenye nyumba wengi huwatoza wapangaji kiwango kimoja na kuwakataza kutumia majiko ya umeme na birika. Mpangaji hujikuta akiishi chini ya nguzo ya umeme huku akinunua mkaa wa kaveera kila jioni.

Mkaa huo nao una gharama zake. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Rais Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa kibiashara kaskazini mwa nchi, baada ya viongozi na wananchi wa Acholi kulalamika kwamba misitu yao inateketea ili kuilisha miji ya kusini. Amri ilikuwa na sababu njema. Lakini kuubana mkaa bila kumfikishia mpangaji wa Kalerwe nishati nyingine ni kumwongezea gharama ya jambo ambalo hana njia ya kuliacha. WHO inakadiria kwamba moshi na gesi za kupikia majumbani ziliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Vifo vya ghafla vya usiku mmoja si sehemu ya hesabu hiyo. Vilivyohesabiwa vingi ni vya polepole, vya mapafu na moyo.

Onyo lililosemwa kwa lugha nyingine

Wasikilizaji wetu walio ughaibuni wanaweza kudhani kwamba haya yamebaki nyumbani. Sivyo. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika eneo la Seattle, jimbo la Washington nchini Marekani, kukiwa na baridi kali. Familia ziliingiza majiko ya mkaa ndani ili zipate joto. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walihitaji matibabu, wengi wao wakiwa wahamiaji. Maonyo yalikuwa yametolewa, lakini kwa Kiingereza. Gazeti la Seattle Times lilichukua hatua isiyo ya kawaida ya kuchapisha onyo katika ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Februari 2021 mkasa kama huo ulijirudia Texas, ambako zaidi ya watu 1,000 walitibiwa kwa sumu ya kaboni monoksidi baada ya umeme kukatika wakati wa dhoruba ya barafu.

Somo hilo linaihusu Kampala pia. Maonyo ya usalama jijini hutolewa zaidi kwa Kiganda na Kiingereza. Lakini katika vyumba vya bei nafuu wamo pia Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu, Warundi, na wafanyabiashara kutoka nchi jirani ambao lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Kipimo cha uamuzi huo hakipaswi kuwa mitihani peke yake. Lugha rasmi ni ile ambayo mtu huambiwa kwayo kwamba asilale na sigiri.

Nani afanye nini

Mkazi anaweza kuanza usiku huu: sigiri nje, tundu la hewa wazi, kitanda kikavu. Viongozi wa mitaa, yaani halmashauri za LC1, wanaweza kuwa na mahali pamoja penye kufuli ambapo sigiri za ua huwekwa usiku, ili hofu ya wizi isiwe sababu ya kifo. Mwenye nyumba anaweza kurefusha bati la baraza, gharama ndogo ikilinganishwa na kodi ya mwaka mmoja, na mpangaji akapika nje hata mvua inaponyesha.

Mamlaka ya jiji, KCCA, ina wajibu ambao hakuna mkazi anayeweza kuubeba peke yake: kuzoa taka kabla ya mvua badala ya kuzifukua baada ya mafuriko, na kuisafisha mitaro midogo inayoingia Nsooba kwa bidii ileile inayotumika kwa mifereji mikuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kalerwe imekuwa ikijenga kuta mlangoni kwa miaka mingi. ERA na UEDCL nazo zinaweza kuutafuta utaratibu wa mita ndogo kwa kila chumba, ili uniti 15 zilizotengwa kwa ajili ya maskini zimfikie maskini mwenyewe.

Mvua za msimu ujao hazitasubiri mipango hiyo ikamilike. Zitanyesha usiku, kama kawaida yake, na katika maelfu ya vyumba mtu atasimama mlangoni na sigiri mkononi, mvua mbele yake na watoto wanaotetemeka nyuma yake. Kila hatua iliyotajwa hapa ina lengo moja: kwamba mtu huyo aiache sigiri nje, na bado watoto wake walale na joto.